Uliza Bibi Kitalu: Kabla ya kupanda, tembea kwanza

Masika yanakaribia, na barua za mwezi huu karibu zote zinauliza miti ya asili. Kwa msomaji mgeni: nilikuwa mtunza kitalu cha miti hapa Moshi mpaka nilipostaafu. Sasa nakaa Kiboriloni, na nimo kwenye kikundi cha majirani. Tuna wakulima, seremala, walimu na vijana waliomaliza shule ambao hawajapata kazi. Jumamosi tunatembea makorongoni na kwenye Msitu wa Rau, tunaangalia mimea ya kwetu, tunaiandika, na panaporuhusiwa tunaokota mbegu. Mengi ninayojibu hapa yametoka huko. Barua nimezifupisha, mnisamehe waliozoea kuandika kurasa nne.

SWALI: Shikamoo Bibi Kitalu. Tumeanzisha kikundi cha mazingira hapa Uru. Mwenyekiti wa kitongoji ametuonyesha eneo kando ya mto, na mfadhili ameahidi miche 3,000 tuipande siku moja, viongozi wakiwepo. Sisi tunataka miti ya asili, lakini orodha aliyotuletea ina mgrevilea, mkaratusi na mpaini. Tukikataa tunaogopa kumkosa. Miche ya asili tutaipata wapi? – Katibu wa kikundi, Uru

JIBU: Marahaba, katibu. Mkaratusi ufuteni leo hii. Kando ya mto si mahali pake, unakunywa maji kuliko wenyeji wote wa hapo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na eneo lenu bila shaka limo humo. Basi eneo hilo ni la kurudisha msitu. Mbao mtavuna kwingine. Mgrevilea sina ugomvi nao, ulitoka Australia na umetusaidia sana kwa mbao na kuni, ila mahali pake ni mpakani mwa shamba. Mpaini hata sijui umefuata nini Uru.

Sasa hiyo miche 3,000. Nitasema wazi kwa sababu nimeiona miche ya sherehe kwa miaka mingi nikiwa kitaluni. Gari linakuja asubuhi, mashimo yamechimbwa jana yake, kila mgeni anapanda mche mmoja na kupigwa picha, kisha soda. Ukipita Februari, jua la Moshi likiwa limekomaa, unakuta vijiti. Hakuna aliyemwagilia, mbuzi wamemaliza kazi, na viriba vyeusi bado viko shimoni kwa sababu mtu alipanda mche bila kukitoa kiriba. Miche 200 yenye watu wa kuitunza itawapa msitu mapema kuliko hiyo 3,000. Mwambieni mfadhili kwa adabu kwamba mnaomba fedha hizo hizo zigeuke viriba, mpira wa kumwagilia, wavu wa kivuli na posho ya mtu mmoja wa kukaa kitaluni. Mfadhili wa kweli atakubali. Akikataa kwa sababu anataka siku ya picha, mpeni kona moja apande mgrevilea wake, msigombane.

Kabla hamjachimba shimo hata moja, tembeeni. Huu ndio ushauri wangu mkubwa, na ndio vikundi vingi vinauruka. Mchukueni mzee au bibi anayeujua mto huo tangu utoto wake, mpandishe korongoni taratibu, muulize: hapa palikuwa na nini? Makorongo ya mlima wetu yametunza mambo ambayo mashamba yaliyafuta, kwa sababu huko jembe halikufika. Mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika umo kwenye bonde la Mrusungu, hapa hapa Kilimanjaro: Entandrophragma excelsum wenye mita 81.5. Mtafiti Andreas Hemp na wenzake waliupima na kuutangaza mwaka 2016. Watu walikuwa wanapita chini yake siku zote. Nawaambia hivyo msije mkadhani kwamba miti ya maana iko mbali.

Mnachotafuta kwenye matembezi hayo ni miti mama. Mkiona mringaringa mnene, ulionyooka, usio na ugonjwa, andikeni ulipo na mwulize mwenye kihamba, yaani shamba la familia la Kichaga, kama mtaruhusiwa kuokota mbegu. Fanyeni hivyo kwa mfuruanje, mkuyu, msesewe, mkondekonde. Kisha rudini kuangalia lini unachanua na lini matunda yanaanguka, muandike kwenye daftari la kikundi. Daftari, si simu ya mtu mmoja, maana simu huibiwa na mtu huhama. Mbegu msichukue kwenye mti mmoja tu kwa sababu uko karibu na nyumba ya mwenyekiti. Chukueni kwenye miti mama kadhaa iliyoachana walau hatua mia, la sivyo msitu wenu utakuwa wa ndugu watupu, na ugonjwa ukiingia unaondoka nao wote.

Mbegu nazo kila moja ina tabia yake. Mringaringa ndio wa kuanza nao. Tunda lake lililoiva ni la njano na lina ute unaonata kama gundi, ukilifikicha mkononi vidole vinashikana. Loweka matunda kwenye ndoo mpaka yalainike, changanya na mchanga, sugua kwenye gunia, suuza, rudia mpaka kokwa ziwe safi, kisha anika kivulini. Msiache ute, unaleta ukungu. Mbegu zikishaatikwa zinachukua muda kuota, mwezi na zaidi, na hapo ndipo vikundi hukata tamaa na kumwaga udongo. Vumilieni.

Mkondekonde ni kinyume chake: haungoji. Mbegu yake ikikauka imekufa. Ukiokota leo, menya leo, atika kesho. Mtu akikuuzia mbegu za mkondekonde zilizokaa kwenye bahasha tangu mwaka jana, amekuuzia kokoto. Mfuruanje una maganda, na wadudu wanaifuata mbegu humo humo ndani ya ganda, kwa hiyo chuma mapema kidogo ganda likianza kubadilika rangi, kisha kagua mbegu moja moja kwenye mwanga. Yenye kitundu tupa. Mkulo, ule wa mbao maarufu uliokatwa vibaya sana upande wa kusini wa mlima, mbegu zake ni za taabu, huzaa kwa misimu yake na nyingi huliwa na wadudu. Wenyewe hujirudisha kwa machipukizi yanayotoka mizizini. Ila mkulo ni wa juu, kwenye ubaridi. Kama eneo lenu ni la chini ya Uru, msiupande.

Na kuna njia ya mkato ambayo watu wanaidharau: maotea. Chini ya mti mama, mvua zikishika, utakuta miche midogo imejiotea yenyewe na karibu yote itakufa kwa kukosa mwanga. Kwa ruhusa ya mwenye shamba, ing'oe siku ya mawingu na donge lake la udongo, iweke kwenye viriba, kivulini, majani mapana yakatwe nusu ili isikauke. Msesewe tunauotesha zaidi kwa njia hiyo. Mbegu ambazo hamzipati karibu, ulizeni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, wana kitengo cha mbegu za miti.

La mwisho kwenu, katibu. Mpaka wa eneo msiuwekee nguzo za zege. Pandeni masale, mmea wetu wa mipaka. Unakata pande la shina, unalichomeka, linaota. Uchagani hakuna mtu mzima atakayeng'oa isale lililowekwa mpakani akalala usingizi, wakati nguzo ya zege huvunjwa usiku watu wakachukua nondo.

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Moshi mjini. Nimepakua programu ya kutambua mimea kwa picha. Nilipiga jani la mti mkubwa Msitu wa Rau, ikaniambia ni mti wa Amerika ya Kusini. Nikapiga tena, ikataja mwingine wa Asia. Wenzangu wananicheka. Je, nitajuaje jina la kweli? – Mwanafunzi, Soweto, Moshi

JIBU: Marahaba, mjukuu. Waambie wenzako wapige wao tuone. Programu hizo zinakisia kwa kulinganisha picha yako na picha ambazo watu walishaweka. Mmea wenye picha nyingi zinautambua haraka, hasa maua ya bustani za Ulaya. Mti wa Rau ambao watu wachache wamewahi kuupiga picha, utapewa jina la ndugu yake wa mbali. Mfano ni msoo, Oxystigma msoo kwa jina la kitaalamu. Kwa dunia nzima unajulikana sehemu chache tu za Tanzania na Kenya, na Rau ni mojawapo kwa sababu ardhi yake ina maji chini mwaka mzima. Programu ya simu itautambuaje mti ambao hata wakazi wengi wa Moshi hawajawahi kuusikia, na uko mwendo mfupi tu kutoka mjini?

Usiifute programu. Ila uisaidie. Jani moja lililopigwa kutoka juu halisemi kitu. Piga tawi zima uonyeshe majani yamepangwaje, yamekabiliana au yanapishana. Piga jani upande wa juu na wa chini, maana wa chini una nywele au vitezi ambavyo ndivyo wataalamu wanavyouliza. Piga gome. Angalia chini ya mti kuna nini, tunda, ganda, ua lililoanguka, uweke kwenye kiganja upige. Vunja kijiti kidogo kilichodondoka unuse na uangalie kama kuna utomvu, mweupe au mwekundu. Mkuyu na jamii yake yote hutoa maziwa. Hilo peke yake limeshakupunguzia nusu ya kazi.

Kikundi chetu kina kijana mmoja fundi wa simu ambaye sasa anatambua miti kwa gome tu, hatazami hata juu. Hakuanza na programu. Alianza kwa kumfuata mzee mmoja mpasua mbao wa zamani na kuuliza kila mti. Jina la kienyeji liandike kama lilivyotamkwa, na uandike aliyekuambia ni mtu wa wapi, kwa sababu mti mmoja una jina lingine Machame na lingine Rombo, na Wameru na Waarusha wana ya kwao.

Ukitaka uhakika kabisa, inabidi sampuli. Hapo uwe mwangalifu: Rau ni msitu wa hifadhi, usikate hata tawi bila kuomba ruhusa ofisi ya misitu. Ukipewa ruhusa, chukua tawi la urefu wa mkono wako mpaka kiwiko, lenye maua au matunda. Bila ua wala tunda mtaalamu atakurudisha. Lilaze kwenye gazeti, jani moja ulipindue ili upande wa chini uonekane, funika na gazeti lingine, weka kadibodi juu na chini, kaza kwa kamba au mkanda wa suruali. Magazeti yabadilishe kila siku, yale yaliyolowa ukiyaacha jani linageuka jeusi na kuoza. Watu wa sehemu za mvua kama sisi huku, kipindi cha masika, tunaweka karibu na jiko, si juu ya jiko.

Halafu lebo, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Andika siku hiyo hiyo, kwa penseli, maana wino hutawanyika ukilowa: tarehe, mahali kwa namna ambayo mtu mwingine atapafika, mwinuko kutoka usawa wa bahari kama simu yako inaonyesha, mti una urefu gani kwa kukadiria, rangi ya ua likiwa bichi kwa sababu likikauka rangi inapotea, harufu, umeota wapi, majini au ukavuni, jina la kienyeji, na jina lako. Sampuli nzuri isiyo na lebo ni takataka. Yenye lebo inaweza kupelekwa Hebaria ya Taifa, iliyopo Ngaramtoni, Arusha, kwenye Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, zamani tukiita TPRI. Huko wamehifadhi sampuli za nchi nzima na watalinganisha. Mlima Kilimanjaro peke yake una aina za mimea zinazokaribia 2,500, kwa hiyo usione aibu kutojua.

SWALI: Nimewasoma kwa muda sasa. Miti ya asili, miti ya asili! Mimi nina ekari moja Kibosho. Parachichi inanilipa, mgrevilea nakata mwenyewe. Nikipanda mringaringa nitakufa kabla haujakomaa, na ukikomaa natakiwa niombe kibali kuukata kwenye kihamba changu mwenyewe. Niambie faida. – Mkulima, Kibosho

JIBU: Meku, nimecheka, na una haki. Kero ya kibali ni ya kweli, na inawafanya watu wang'oe mringaringa ukiwa mdogo ili usije ukawa mti wa serikali. Nimeshawahi kumwona jirani akifanya hivyo akitazama huku na huku kama mwizi, shambani kwake. Ninachokushauri ni kuandikisha kwa mtendaji wa kijiji miti unayopanda mwenyewe, idadi na mwaka, upate karatasi yenye muhuri. Siku ya kuomba kibali unaonyesha kwamba huo si mti wa msituni uliojiotea, ni zao lako. Haiondoi usumbufu wote, lakini mazungumzo yanakuwa mafupi.

Faida sasa. Nenda kwa seremala yeyote Moshi, muulize mlango wa mringaringa na wa mgrevilea bei zake. Mringaringa haupindi, unapasuka vizuri, hauli msumeno. Maua yake meupe nyuki wanayafia, na kama una mizinga utaona. Majani yake mapana yakidondoka yanaoza haraka chini ya migomba. Kahawa inapenda kivuli chake kwa sababu si kizito. Mfuruanje ni wa jamii ya kunde, unatia nitrojeni ardhini, na majani yake madogo yanapitisha mwanga. Wazee wetu hawakuiacha miti hiyo juu ya kahawa na magimbi kwa sababu ya mapenzi. Kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia, na kilichotambuliwa ni mpangilio huo huo, miti mirefu juu, migomba katikati, kahawa chini yake, mboga na magimbi ardhini, na mifongo inayoleta maji.

Parachichi zako usikate hata moja. Ninachokuomba ni nafasi ya miti michache tu, ule upande wa mfongo ambapo parachichi hazizai vizuri. Na kuhusu kufa kabla haujakomaa: parachichi unayovuna leo, si nyingine ulipandiwa na baba? Haya, basi, hilo tuliache.

SWALI: Bibi, habari za kazi. Mimi napika mbege, pombe ya ndizi, hapa Marangu, ndiyo inayosomesha watoto. Magome ya msesewe sokoni yamekuwa machache na membamba. Ile miti ya kwetu bondeni watu wameichuna mzunguko mzima imekauka. Nikichuna wangu mmoja uliobaki nitaumaliza? Kuna namna? – Mpika mbege, Marangu

JIBU: Salama, mdogo wangu. Hilo ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu hakuna atakayeulinda msesewe kuliko mtu anayeuhitaji kila wiki.

Ukiuchuna mzunguko mzima umeuua, hata kama majani yataendelea kuwa mabichi kwa miezi. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa kupitia gome la ndani. Ukilikata pande zote, mizizi inakufa njaa na mti unafuata. Kwa hiyo usizungushe panga. Njia salama kuliko zote ni kutogusa shina: pogoa tawi, chuna gome la tawi lote, kuni zikabaki kwako. Kwa mbege, gome la tawi linatia uchungu vilevile, utaongeza kidogo tu kwenye chungu cha kuchemshia. Kama ni lazima shina, na mti uwe mnene, usio na unene wa mguu wa mtoto, gawa mzunguko mara nne kwa macho, chukua robo mbili zinazotazamana, acha mbili. Toa kwa kisu chenye makali, usipige kwa kisigino cha panga, na usikwangue mpaka kwenye mti mweupe. Ule utando laini unaobaki ndio unaotengeneza gome jipya. Kisha usiuguse huo mti mpaka majeraha yafunge, na hiyo ni miaka.

Mkondekonde umepitia balaa hilo hilo. Gome lake linatafutwa na viwanda vya dawa za tezi dume, na tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Msesewe hauna mkataba, una nyie wapika mbege.

Kwa hiyo pandeni. Msesewe unapenda miguu kwenye maji, kando ya mto na mfongo, na unakua haraka kuliko watu wanavyodhani. Okoteni maotea masika haya chini ya huo mmoja uliobaki. Kama mko wapika mbege kumi kwenye kata, kila mmoja akawa na mitatu, mnaweza kupeana zamu za kupogoa. Na msikwee juu kuufuata msitu wa Nusu Maili, ule ukanda uliotengwa mwaka 1941 wananchi wapate kuni na mbao bila kuingia msitu wa ndani. Siku hizi mtakutana na askari wa hifadhi, maelezo yatakuwa marefu.

SWALI: Kikundi chetu cha vijana Kisongo tuliamua kusafisha gugu karoti kando ya barabara. Tuling'oa kwa mikono siku nzima. Kesho yake watatu wamewashwa na kuvimba mikono na shingo. Tuendelee? – Kijana, Kisongo, Arusha

JIBU: Endeleeni, lakini si hivyo. Waliovimba waende zahanati, na wasirudi kwenye kazi hiyo kabisa. Mwili ukishalikataa gugu hilo mara ya kwanza, mara ya pili ni mbaya zaidi, na wengine huishia kubanwa kifua.

Gugu karoti lilitoka Amerika ya kitropiki, na hapa nchini liliripotiwa kwanza Arusha mwaka 2010. Kwa hiyo ninyi mko kwenye lango lake. Ng'oeni kabla halijatoa vile viua vyeupe vidogo, ardhi ikiwa na unyevu ili mzizi utoke wote. Vaeni glavu za mpira, mikono mirefu, barakoa, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Lililokwishachanua lisitikiswe. Lifungeni kwenye mfuko taratibu, mkalianike mahali pamoja na kulichoma, msilitupe kwenye lori la taka linaloenda kumwaga mbegu njia nzima. Mche mmoja una maelfu ya mbegu. Msilishe mifugo: ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu, na akila sana anaugua. Mahali mlipong'oa msipaache wazi, pandeni nyasi haraka, kwa sababu gugu hilo linapenda udongo uliochokonolewa. Na kama mnamjua mtu anayeweka viua hivyo kwenye mashada ya harusi kwa sababu vinapendeza, mzuieni, nimeliona hilo kwa macho yangu.

SWALI: Shikamoo. Nina nyumba ya wageni Shanty Town. Wageni wakishuka mlimani wanasifia ua dogo jekundu lenye mkia kama ndoana, wanasema liko Kilimanjaro tu. Je, naweza kumwagiza mpagazi aniletee mashina machache niyapande bustanini? – Mama wa nyumba ya wageni

JIBU: Marahaba, dada. Hapana. Ua hilo ni Impatiens kilimanjari, na ni kweli halioti porini kwingine kokote duniani. Msitu wote huo uko ndani ya Hifadhi ya Taifa, na mpagazi akikamatwa na mfuko wa mashina anapoteza kazi yake kwa ajili ya bustani yako. Halafu litakufia. Lango la Marangu lipo juu kidogo ya mita 1,800, ua hilo linaishi huko na juu zaidi, kwenye ukungu na matone ya mitini. Wewe uko Shanty Town, kwenye joto la Moshi.

Lipo ndugu yake, Impatiens walleriana, ua la Afrika Mashariki vilevile, la waridi, jekundu au jeupe. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alilipeleka Kew, bustani ya mimea ya London, katika karne ya 19, likaitwa Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, na leo linauzwa kwenye bustani za Ulaya nzima. Kwenye vitalu vya maua vya pembeni mwa barabara hapa Moshi utalipata bila shida. Lipande kivulini, chini ya mti, kwenye udongo wenye samadi iliyooza, mwagilia jioni. Ukivunja kitawi ukakichomeka kwenye kikopo chenye udongo mbichi, kitaota, basi usinunue mengi.